Ndimi za Sista Taratibu

Mimi wateja wangu nawajua kwa nyama wanayonunua. Anayechukua mbavu kila Jumamosi ana wageni wasiokwisha. Aliyehama ghafla kutoka steki kwenda mifupa ya supu ana mgonjwa nyumbani. Na yule anayebonyezabonyeza nyama kwa kidole kisha anaondoka mikono mitupu, huyo ni adui yangu, na nimeshamwambia hivyo mbele ya watu. Mke wangu anasema nina hasira za karibu. Nina udadisi pia, na udadisi huo ndio ulionifikisha kwenye mambo ambayo ungedhani mwanamume wa bucha hayamhusu.

Sista Taratibu alikuwa ananunua ndimi za ng'ombe.

Ulimi hauna wateja wengi. Wakiuona umelala kwenye sinia wanageuza uso kama wametukanwa. Yeye alikuja na mfuko wake wa kitambaa, sare ya uuguzi chini ya sweta, akauliza kama ulimi upo, akauangalia upande wa shina, kule unakokatwa kooni, akaniomba nisiuchune. Wiki iliyofuata akaja tena. Na iliyofuata tena. "Taratibu, shemeji," ananiambia, "hapo kwenye shina usipapasue." Taratibu ndilo neno lake la asubuhi na jioni. Anapanda ngazi taratibu, anafunga mlango taratibu, na ukimsalimia unaweza kunoa kisu ukamaliza kabla hajakujibu. Mtaa mzima unamwita hivyo, na yeye anaitika.

Shemeji ananiita kwa sababu ya mke wangu, ambaye ni mwalimu wa chekechea na rafiki yake wa siku nyingi. Wanawe Sista wote wamejifunzia kushika kalamu kwa mke wangu. Basi jioni moja nikauliza, "Hivi kwa Sista wanakula ulimi kila wiki?"

Mke wangu akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Pale? Mume wake hata maini hali. Pale ni maharage na samaki mwaka mzima."

Sasa hebu niambie, mtu ananunua ulimi kila wiki, nyumbani kwake hauliwi, anampelekea nani? Mbwa hana. Mama yake mzazi anakaa mbali. Nilikuwa nakata nyama huku nawaza ulimi, nikimfungia mtu figo nawaza ulimi. Lakini mteja wa kudumu hahojiwi, anatunzwa. Nikaanza kumwekea ulimi bora kuliko wote chini kabisa ya friza, kule ambako barafu imeshika ukutani, nikimtolea unagonga kaunta kama tofali. "Wako huu, Sista, hauna hata harufu." Akanishukuru sana, nikajiona muungwana wa kutajwa.

Mwisho nilishindwa kujizuia. Nikamuuliza waziwazi, watu wakisikia. Sista akafunga mfuko wake, akafikiri, akafikiri tena, ndipo akasema, "Ijumaa mchana, ukifunga kwa ajili ya chakula, pita kliniki mlango wa nyuma. Uone ulimi wako unakokwenda."

Nilifunga bucha mapema kuliko kawaida.

Kilikuwa chumba kidogo, zamani kilikuwa stoo ya ndoo na fagio, na ufagio mmoja bado ulikuwa pale kwenye kona. Mezani kulikuwa na mashine yenye ukubwa wa redio ya zamani, vitufe viwili vya kuzungusha, waya mrefu, na mwisho wa waya kitu cha kushika kama kalamu. Pembeni bomba la kufyonza moshi. Daktari wa kliniki alikuwepo, binti mwembamba anayetembea kama kachelewa kila mahali. Na katikati ya yote hayo, ndani ya chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, ulimi wangu, shina likiwa limetazama mdomo wa chupa.

"Haya, ni wa nini?" nikauliza.

"Ni badala ya mlango wa kizazi," Sista akasema.

Nikaangalia dari.

"Usiangalie dari, shemeji. Una mke."

Basi nikashusha macho, nikajikaza kisabuni, nikasikiliza. Kuna wanawake, aliniambia, ambao chembe za pale kwenye mlango wa kizazi zinaanza kubadilika. Hapaumi, hapatoi dalili. Si saratani, lakini pakiachwa miaka panaweza kuja kuwa saratani. Mgonjwa akipakwa siki, siki kama ile ya jikoni isipokuwa imepimwa, palipobadilika panageuka peupe. Ukishapaona mapema unapatoa, na mwanamke anarudi nyumbani siku ileile kwa miguu yake. Shida ni namna ya kupatoa.

Kwenye ulimi hakukuwa na weupe, kwa hiyo Sista alichukua rangi ya kucha, nyekundu ya kung'aa, akachora duara katikati ya shina. Taratibu, kama mtu anayejipamba kwa harusi. Kisha akanionyesha nyaya mbili. Ya kwanza imepindwa nusu duara, nyembamba kama unywele; wao wanaiita kipete. Ya pili imenyooka tu, fupi, wanaiita njiti. Umeme ukipita humo, waya haukati kama kisu changu. Unaachanisha nyama na kuzuia damu hapohapo.

Kipete kinaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, mara moja, kimechota. Njiti inazunguka pembeni ya duara na kuelekea katikati, mpaka kinatoka kipande kimoja chenye ncha, vile unavyotoa jicho la kiazi. Kuna pia kitu cha tatu, chuma cha moto cha kuchoma pale juu, ambacho daktari alisema kinafaa sana kwa doa dogo linaloonekana lote, ila kikishachoma hakiachi kitu cha kupeleka maabara. Daktari alikuwa ametoka kwenye mafunzo na ile njiti. Kliniki ilikuwa imezoea kipete, naye alitaka walinganishe kwanza kwenye ulimi: waya upi kwa mwanamke yupi.

Sista akashika kipete. Moshi ukapanda, harufu ikawa ya mshikaki ulioachwa kwenye moto, na mimi ambaye nimeishi na nyama maisha yangu yote nikajikuta nashika ukuta. Duara lake lilikuwa pana, kwa hiyo alichota mara mbili. Akaviweka vipande viwili kwenye kiganja changu.

"Virudishe kama vilivyokuwa," akasema.

Nikavigeuza hivi, nikavigeuza vile. Ukiangalia rangi ya kucha unaona, lakini ule upande wa chini, upi uligusana na upi, upi ulikuwa wa nje? Nikajaribu tena. "Sista, hapa hata ng'ombe mwenyewe hajui," nikasema.

Daktari akacheka. Sista hakucheka. "Na mtu wa maabara hajui pia," akasema. "Yeye anachotafuta ni kingo. Chembe mbaya zikiwa katikati na ukingo ukiwa safi, tumezitoa zote. Zikigusa ukingo, huenda nyingine zimebaki ndani." Akageuza kipande kimoja kiganjani mwangu. "Na ukingo ukiungua, hakuna anayejua. Vyangu vinarudi vimeungua, shemeji. Si vyote. Lakini vingi kuliko vya daktari."

Alisema hivyo mbele ya daktari wake na mbele ya muuza nyama, kwa sauti ileile anayoombea ulimi. Nilimheshimu tangu siku hiyo. Mimi nikikata vibaya huwa nasema kisu kibovu.

Nikarudi nyumbani maneno yamenijaa mdomoni. Nilimsimulia mke wangu kipete, njiti, siki, rangi ya kucha, mpaka chakula kikapoa. Nilichora hadi mezani kwa kidole kilichochovywa kwenye mchuzi. Alinisikiliza kama anavyosikiliza watoto wake wa chekechea wakieleza walichokiota, kidevu kwenye kiganja. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Na mimi je, mwenzangu? Mimi sijawahi kupimwa."

We acha tu. Mambo yote yale niliyapeleka nyumbani kama hadithi ya kuchekesha. Halikuwa limenipitia akilini hata mara moja kwamba mke wangu anao huo mlango ninaouchora kwa mchuzi.

Akaenda. Siki ikaonyesha weupe. Wakachukua kinyama kidogo wakapeleka maabara, na majibu yakasema mabadiliko makubwa, si saratani bado. Alinieleza tukiwa tumekaa kitandani, amenishika mkono, akirudia lile neno "bado" mpaka nikamwomba asiliseme tena.

Sisi hatuna mtoto. Tulipata mimba moja ikaharibika katikati, wakati alikuwa ameshaanza kushona vitambaa vya mtoto. Vitambaa viko juu ya kabati mpaka leo, kwenye begi la zipu, na hakuna anayevigusa. Mwalimu wa watoto wa watu, mke wa mtu anayechezea watoto wa wateja, na nyumbani kimya. Kwa hiyo daktari alipotuita wote wawili akaanza kueleza, nilisikiliza kwa masikio yote.

"Ule mlango ndio unaomshikilia mtoto tumboni," alisema. "Tukikata kina kirefu sana, unaweza kulegea, mtoto akaja kabla ya wakati wake. Tukikata kidogo mno, tunaacha ugonjwa. Kwa mtu anayetaka kuzaa, nafikiria kipete. Kinachukua kidogo. Sista ndiye mwenye uzoefu, atafanya yeye, mimi nitakuwepo."

Mke wangu akaitikia kwa kichwa. Mimi damu ikanipanda. Kingo zilizoungua. Nilikuwa nimezishika kwenye kiganja changu. Ikiwa za mke wangu zitaungua na mtu wa maabara asijue, itabidi akatwe mara ya pili, na ikifika mara ya pili huo mlango utabaki na nini cha kumshikilia mtoto? Nilikaa kimya kwa sababu mke wangu alikuwa ametulia, na sikutaka kumtia hofu yangu. Lakini nilipotoka pale sikwenda bucha, nilikwenda mlango wa nyuma.

"Sista," nikamwambia, "utamkata mke wangu na hizo kingo zako za kuungua?"

Ni maneno ya ovyo kumwambia mtu anayekusaidia. Nilijua hivyo yakiwa bado yananitoka. Sista alikuwa anaosha mikono. Akamaliza kuosha, akafuta kidole kimoja kimoja.

"Hilo ndilo ninalojiuliza hata mimi," akasema. "Kaa."

Nikakaa juu ya ndoo.

Aliniambia amekuwa akilifikiria kwa muda. Mashine ni ile moja, waya ni uleule, vitufe viko palepale, na vipande vya daktari vinatoka vyeupe pembeni wakati vyake vinatoka na rangi ya kahawia. Tofauti ni mkono. Daktari anapita, yeye anasubiri. Waya ukisubiri ndani ya nyama, unaipika. Hilo alishaambiwa, na kila akiambiwa anaahidi kwenda haraka, na kila akishika kalamu ile mkono unasubiri wenyewe. "Sasa nani aliyeufundisha mkono kusubiri?" akauliza. "Nilidhani ni tabia yangu tu. Wote mnaniita Taratibu. Lakini kwenye kudunga sindano siko hivi. Kwenye kushona kidonda siko hivi."

Akainuka, akafungua jokofu, akatoa ulimi wa wiki ile. Akaugonga mezani. Ukalia ko.

Tukaangaliana.

"Shemeji," akasema, "hii nyama umeiweka wapi?"

Loo, nilitamani ardhi ipasuke. Ule ulimi bora, wa chini kabisa ya friza, wa muungwana. Hata ukiyeyuka nje, katikati unabaki umekaza, na waya ukifika pale unagoma. Daktari alijifunzia kwingine, kwa namna nyingine. Sista alijifunzia kwenye barafu yangu. Kila wiki mkono wake ulikutana na nyama inayogoma, ukajifunza kungoja, kisha ukapelekwa kwa wanawake wenye joto na damu, ambako hakuna kinachogoma, nao ukaendelea kungoja.

"Nataka wa moto," akasema Sista. "Wa moto wa ng'ombe mwenyewe."

Kuanzia hapo nilikuwa wa kwanza kufika machinjioni alfajiri. Wachinjaji walinijua kama mtu wa mapaja na mbavu. Sasa nasimama pale nadai ulimi kabla haujaguswa na hewa, nauviringisha kwenye taulo la nyumbani, nautia kwenye chombo cha kuhifadhia chai moto chenye mdomo mpana, nakimbia. "Mke ana mimba nini, anatamani?" wakanitania. Nikawajibu mambo ya nyumbani kwangu waniachie mwenyewe, kwa lugha ambayo siwezi kuirudia hapa. Utani wao uliniuma mahali wasipopajua.

Sista alikuwa ananisubiri na chupa yake ya plastiki. Asubuhi ya kwanza kipete kilipita kwa kasi mpaka akashtuka, kikatokea upande wa pili kimechukua nusu ya duara, na yeye akabaki anaangalia mkono wake kama si wa kwake. Asubuhi zilizofuata alitulia. Alianza umeme kabla waya haujagusa, akapita bila kusimama, na ukingo ukatoka mweupe, laini, hauna hata mstari wa kahawia. Daktari akaushika kwenye mwanga akasema, "Huu ningeupeleka maabara bila aibu." Sista akatabasamu kidogo sana, akachora duara jingine.

Alifanya na njiti pia. Hilo lilinishangaza. Nikamwambia kipete umeshakiweza, njiti ya nini tena. Alikuwa anachora duara pana, duara jembamba, duara linaloingia ndani kwenye tundu alilotoboa katikati ya shina, na kila mara anajaribu kipete kwanza, kisha njiti, anavipanga viwili viwili mezani na kuvitazama. Nilidhani ni udadisi tu, na mimi udadisi wa mwenzangu siwezi kuulaumu.

Siku ya mke wangu ilipofika nilivaa shati la kuendea kwenye misiba na harusi. Waliingia wao watatu, mimi nikabaki kwenye benchi la nje. Kipete ni jambo la kufumba na kufumbua, nilishakiona mara nyingi. Nikangoja nisikie mlango. Mlango haukulia. Bomba la moshi lilikuwa linavuma, likanyamaza, likavuma tena. Nilikuwa nimekunja na kukunjua mfuko wa plastiki mpaka ukachanika. Nilikuwa naogopa, niseme ukweli, naogopa kama sijawahi kuogopa.

Ndipo Sista akatoka. Barakoa shingoni, jasho usoni.

"Yuko salama, anapumzika," akasema. "Nimetumia njiti."

Nikasimama. Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia juu ya alfajiri zangu, juu ya wachinjaji, juu ya taulo la nyumbani ambalo halitatumika tena. Nilimwambia kwamba daktari alisema kipete, kipete ndicho kinachochukua kidogo, na kwamba kama aliogopa kukitumia angesema mapema badala ya kunikimbiza na ulimi kifuani kila siku kama mwendawazimu. Nilimwuliza kama anajua kilichoko juu ya kabati langu. Sauti yangu ilikuwa imepanda, na mama mmoja kwenye benchi alisogea.

Sista akaniacha nimalize. Kisha akakaa, taratibu, akanionyesha nikae.

"Najua kilichoko juu ya kabati," akasema. "Mimi ndiye niliyenunua naye kile kitambaa." Akavua barakoa shingoni. "Nilipompaka siki leo, weupe ulikuwa umeingia ndani kuliko tulivyouona mara ya kwanza. Kwa kipete ningechota mara mbili. Mara moja juu, mara moja ndani. Vipande viwili, shemeji. Unakumbuka nilipokupa viwili uvirudishe?"

Nikakumbuka. Hata ng'ombe mwenyewe hajui.

"Nisingejifunza kipete vizuri, leo ningedhani kitafika. Kwa sababu nimekijua ndiyo maana nikajua mahali kinapoishia. Nikakiweka chini, nikamwambia mwalimu, mkeo, kila kitu, na daktari akaangalia mwenyewe akakubali. Njiti inakwenda polepole zaidi na damu imetoka zaidi kidogo. Lakini kina nimekipima kwa macho yangu hatua kwa hatua, sikuzidi pale weupe ulipokomea na kaukingo kadogo. Mkono haukusimama hata mara moja. Ulizunguka tu."

"Na yeye alisemaje?"

"Aliuliza kuhusu mtoto. Nikamwambia siwezi kumwahidi. Akaniambia, basi zunguka."

Nilimwomba radhi, akasema ameshasahau, na kwa vile yeye kila kitu anakifanya taratibu nilijua hajasahau, atasahau wiki ijayo.

Kusubiri majibu ya maabara ni kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya. Mke wangu alirudi darasani baada ya kupumzika, akafundisha watoto kuimba namba. Mimi nilikata nyama nikakata na kidole. Niliwafokea wateja wema na kuwanyenyekea wale wanaobonyeza. Nyumbani hatukulizungumza. Ila jioni moja nilimkuta amesimama juu ya kiti mbele ya kabati, anapangusa vumbi kwenye lile begi la zipu. Hakulifungua. Alishuka, akakunja kitambaa cha vumbi, akaniuliza kama nimekula.

Ilikuwa Ijumaa, bucha imejaa. Foleni imetoka mpaka nje, mizani haipumziki, mimi nina jamaa mbele yangu anabishana juu ya mafuta kwenye paja. Nikamwona Sista nyuma ya foleni na mfuko wake wa kitambaa. Hakuomba apishwe. Alisogea hatua kwa hatua na wenzake, anasalimiana na watu, anajibu salamu za watu, nami nikimtazama usoni sioni kitu. Nilitaka kupiga kelele aje mbele.

Akafika. Akaweka mfuko kaunta.

"Nimeanzia shuleni," akasema. "Mwalimu ameshajua. Amenituma kwako, mwenyewe ana watoto darasani hawezi kutoka." Akanyoosha mfuko wake vizuri, kona kwa kona. "Kipande kimoja, shemeji. Kingo safi pande zote. Na si kirefu."

Niliweka kisu chini. Nikashika gogo la kukatia nyama kwa mikono miwili, na machozi yakanitoka mbele ya foleni nzima, mimi ninayejulikana kwa ukali, yakadondokea kwenye mbavu za mtu. Sikuyafuta. Sikuwa na mkono safi wa kuyafutia.

Yule jamaa wa mafuta akamtazama Sista, akanitazama mimi, akatazama sinia la nyama, asielewe amekosa kitu gani.

"Kama kimebaki kingine kama hicho cha kwake," akasema kwa adabu, "na mimi nipatie."

Sista akaanza kucheka. Sijawahi kumsikia akicheka kabla ya siku ile, na kicheko chake, tofauti na kila kitu chake, kilikuja kwa haraka. Nikacheka na mimi huku nalia. Nilimfungia jamaa paja lake bila mafuta hata kidogo, nikafunga bucha na watu wakiwa bado kwenye foleni, nikavua aproni, nikakimbia shuleni.

Watoto walikuwa wanaimba namba. Nilisimama dirishani na damu ya ng'ombe mikononi, na mke wangu akaniona, akaendelea kuwaongoza mpaka wakafika mwisho wa wimbo wao, ndipo akaja mlangoni.

"Umekuja kufanya nini na mikono hiyo?" akaniuliza.

"Nimekuja kukusubiri," nikasema. "Ukirudi nyumbani tulishushe lile begi."